Hadithi za Binti Ukungu Nilizosikia Nikiwa Mwali

Enzi zetu mtoto wa kike hakuulizwa kitu. Siku ninayoisimulia, tuliokuwepo uani kule juu Matombo ni hawa: Bibi Pelagia, mama yake mama yangu, mwenye nyumba; Mjomba Dominiki, mwanawe wa kiume, na kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake; mama yangu Veneranda, aliyesimama mlangoni; dada yangu Skolastika, mtoto wa mama mkubwa; na Bwana Gaudensi, mchuuzi wa ndizi, aliyekuja kuniposa. Na mimi Felista, mwali mwenyewe. Majirani siwataji, hatutamaliza.

Wa rika langu mnaikumbuka ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya mjini yaliyokuwa na rafu tupu ghafla yakajaa sabuni za kunukia na dawa ya meno, mitumba ikamwagwa sokoni Morogoro kama mahindi, na magari ya wachuuzi yakaanza kupanda kwetu kufuata ndizi, barabara yenyewe mashimo matupu. Watu walishuka na mikungu wakarudi na redio. Skolastika alirudi na kitabu.

Kilikuwa kijitabu cha karatasi nyembamba, wino unachafua vidole, juu kachorwa msichana amepanda chatu mwenye mabawa. Huyo ndiye Binti Ukungu. Mlima wake ulikuwa na milango, kila kitabu mlango mmoja, na kila mlango na bawabu wake. Bawabu anauliza, "Unaridhia?" Ukinyamaza, kimya chako kinahesabiwa ndiyo, mlango unakufungia humo humo. Na kila kitabu kilikatishwa pale pale unapotaka kulia.

Tulikuwa watoto wa kucheza rede na kombolela sisi, miguu haikauki matope. Nilipovunja ungo, niko darasa la tano, shule ikaishia hapo. Nikawekwa ndani kwa Bibi Pelagia msimu mzima wa mvua. Mwali hatoki, hapazi sauti, haonwi na wanaume. Analishwa anenepe, ndizi kwa maharage, kisamvu cha karanga, uji juu ya uji, huku anafundwa kuinamisha macho. Nilinenepa kweli, tena nikang'aa. Lakini nililia kila nikisikia wenzangu wakipita kwenda shule.

Skolastika ndiye aliyeniokoa. Alikaa chini ya upenu na ungo wa maharage, eti anachambua, kumbe ananisomea kupitia ufa wa ukuta. Akisikia hatua za mtu, anarukia rozari. Bibi akawa anajisifu kwa majirani: "Huyu Skola wangu atakuwa sista huyu, hachoki kusali."

Siku moja ya mvua alinisomea mlango wa tatu, ambapo Binti Ukungu alinyamaza kwa heshima, akafungiwa. Tukasikia kikohozi. Skolastika akaanza rozari haraka haraka.

"Acha kumchosha Mama Maria," akasema Bibi. "Yule mtoto katokaje humo?"

"Bado, bibi. Kitabu kimekwisha."

"Kimekwishaje na mtoto yumo ndani? Kesho shuka na mkungu wangu ukalete kingine."

Tangu hapo tukawa wasikilizaji wawili, mimi ndani, Bibi nje. Na alikuwa mkali kwa yule binti! "Angesema hapana tu. Mdomo kapewa wa kulia ndizi?" Kitabu kilichofuata, binti akasema "Siridhii" kwa sauti, mlima ukatikisika. Bibi alipiga vigelegele, kisha akajifanya anafukuza kuku.

Usiku hakuna kusoma, mafuta ya taa ni ghali. Mchana Skolastika akinipenyezea kijitabu, nakirudia mwenyewe. Niliingia ndani nasoma kwa kukwama kama gari la ndizi. Nilitoka nasoma bila kusita.

Ikaja siku ya kutolewa. Nikapakwa mafuta, nikavikwa kanga mpya, ngoma zikalia, nikakalishwa katikati ya ua, macho kwenye vidole vya miguu. Mjomba Dominiki akasimama.

"Mwali wetu kaposwa na Bwana Gaudensi. Gari analo. Kama mwali hataki, aseme."

Watu wakacheka. Lilikuwa neno la desturi tu, hakuna mwali aliyewahi kulijibu. Bwana Gaudensi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa rika la baba yangu. Nikajua nikinyamaza nimeridhia, na mlango ndio huo unafungwa.

"Sitaki, mjomba."

Ngoma zikakatika. Mama akajifunika uso kwa kanga.

"Nani kasema?" akauliza Mjomba.

"Mimi."

"Mmeona wapi mwali anajibu?" Mjomba akawageukia watu. "Huyu kafundwa na nani?"

Bibi Pelagia akainuka kwenye kigoda. "Dominiki, umesema kama hataki aseme. Kasema. Au ulikuwa unamuuliza mbuzi?"

Ua mzima ukaangua kicheko, hata Bwana Gaudensi. Akavaa kofia yake akaondoka kiungwana. Mjomba alininunia muda mrefu sana. Bibi akanipa kipande cha shamba la ukoo, nikalima, na nilipokuja kuolewa na Kosmas fundi mwashi, niliulizwa, nikaridhia kwa sauti ile ile.

Basi mnaosema vitabu vya majoka ni uongo unaoharibu watoto, njooni tukae. Mambo ya kweli nilifundishwa msimu mzima, yakaniinamisha macho. Uongo wa Skolastika ndio ulioyainua.

Wajukuu zangu nikiwaambia tulingoja gari lipande mlima ndipo tujue kama Binti Ukungu kapona, wananionea huruma. Na mimi nawaonea. Wao wana simu, wanarukia mwisho kabla ya mwanzo. Siku hizi wanaulizwa kila jambo, shule gani, nguo gani, wali au ugali, na jibu lao, "Vyovyote tu, bibi." Vyovyote! Na sisi tulipigania kuulizwa!

Mliokuwepo, kama nimechanganya jina la mtu au nani alikaa wapi, nirekebisheni. Skolastika anasema Mjomba hakusimama, alikuwa amekaa. Nitakubali. Ila asije mtu akaniambia kwamba nilinyamaza.