Fremu Mbili za Mavivi

Siku tuliyokimbia Mavivi, bibi yangu aliacha sufuria ya maharagwe motoni, godoro lake na kuku wake wote, akatoka na kitu kimoja tu: picha ya ukutani, ameibana kifuani ndani ya kitenge. Tulipofika Butembo akaigeuza, akakuta siyo ile aliyoitaka.

Ili jambo hilo lieleweke, lazima nirudi kwenye sebule yetu. Nyumba hiyo ya Mavivi ilikuwa upande wa kaskazini wa Beni, si mbali na uwanja wa ndege, na msimu ule wote ilinuka kakao iliyochacha, kwa sababu majirani walianika mbegu zao mbele ya mlango wetu na ile harufu kali kama ya siki ikaingia hadi kwenye mapazia. Ukutani kulikuwa na fremu mbili. Bibi, ambaye sote tulimwita Koko, aliamini kwamba malaika hawaingii chumba ambamo sura za watu zinawatazama wanaosali. Lakini pia hakuweza kukaa bila uso wa marehemu mume wake. Basi akajitafutia njia yake: kila wakati wa swala alizigeuza fremu ziangalie ukuta, na akishatoa salamu alizigeuza tena. Kwa nyuma zilifanana kabisa. Seremala alikuwa mmoja, na migongo yote miwili ilikuwa kadibodi ya katoni za sabuni.

Fremu ya kwanza ilikuwa ya babu, aliyekufa kabla sijazaliwa. Amesimama studio, kanzu imenyooka, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti. Hatukuwa na picha yake nyingine. Ya pili ilikuwa ya zamani zaidi, rangi yake imekuwa kama ya chai: wanaume kadhaa mbele ya lori lililojaa magunia, mmoja wao ameshika mlango wa dereva, kofia imemtia kivuli usoni. Babu ndiye aliyeileta nyumbani, enzi za kupakia mizigo kwenye malori ya watu, na hakuwahi kueleza ni akina nani. Koko aliwaita tu batu ba zamani. Sasa, kabla ya Idi mama alipaka ukuta chokaa, na alipozitundika tena fremu zikawa zimebadilishana misumari. Koko aliona, akasema atazirudisha mwenyewe.

Hakupata nafasi. Risasi zilianza kusikika wakati wa alasiri, kwanza mbali, kisha karibu kiasi kwamba mabati yalitetemeka. Koko alikuwa bado juu ya mkeka wa swala, na fremu zote mbili ziliangalia ukuta. Baba, aliyeendesha Fuso kati ya Butembo na Beni, alikuwa nyumbani siku hiyo, akatupandisha juu ya magunia matupu. Koko akarudi ndani mbio. Mkono wake ukaenda kwenye msumari ule uliouzoea.

Butembo, katika mtaa wa Mususa, kwa shangazi yangu, tulilala chumba cha nyuma ya duka, kati ya sabuni na samaki wakavu, na baridi ya huko ikatuingia mifupani. Hapo ndipo alipoigeuza ile picha. Mama alikuwa akimenya viazi. Kisu kikasimama. Hakuna aliyemlaumu mama kwa kuzibadilisha fremu, lakini tangu siku hiyo alipompa Koko chakula alikiweka chini na kuondoka bila kumtazama.

Kilichomtisha Koko si kupotea kwa fremu. Asubuhi moja aliniuliza ndevu za babu zilikuwa namna gani, na mimi, niliyekuwa nimepita chini ya picha ile kila siku ya maisha yangu, sikukumbuka.

“Ninafunga macho,” akasema, “sura yake haikuye.”

Baba alisikia. Safari iliyofuata, alipokuwa na viazi na vitunguu vya Masereka vya kupeleka Beni, alimwambia mama kwamba atafika mpaka Mavivi. Mama alimsihi uani, kwa sauti ya chini, na sisi ndani tulijifanya hatusikii. Siku ile nzima nyumba ilisikiliza barabara. Fuso ya baba ilikuwa na mlango uliogonga kwenye kila shimo, na kila gari lililopita bila mlio ule lilimfanya shangazi kunyamaza katikati ya kumhesabia mteja chenji.

Baba aliingia wakati wa magharibi, mikono mitupu. Alitueleza kuwa aliona paa letu kwa mbali, lakini kwenye kizuizi askari mmoja kijana, aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, alimzuia. Baba alimweleza habari ya picha. Askari alicheka, si kwa ubaya.

“Papa, foto haina miguu, itakungojea,” alimwambia. “Weye uko na miguu. Rudia nyuma.”

Baba akasema atajaribu tena wiki ijayo, kupitia njia ya mashambani. Koko aliweka kikombe chake chini.

“Hapana,” akasema. “Baba yako alikufa kitandani, tukamuzika muzuri. Weye ukipotea kule, nitazika nini? Foto?”

Kesho yake aliomba msumari, akaitundika ile picha ya lori. Akawa anaigeuza kila wakati wa swala, kama zamani. Baada ya miezi aliniita, akaweka kidole chini ya mtu mwenye kofia. “Angalia mabega,” akasema. “Ni yeye.” Baba alisema haiwezekani, babu alikuwa bado hajajua kuendesha gari. Shangazi alisema babu alikuwa mfupi zaidi. Lakini Koko hakuniuliza tena habari za ndevu.

Yeye amekwisha kufariki, na lori liko sebuleni kwangu, hapa Butembo. Wanangu wanapigana picha mezani na kuzifuta kabla chakula hakijapoa. Mimi nimeipiga ile picha kwa simu, nikaukuza uso ulio chini ya kofia, na kadiri ninavyoukuza ndivyo unavyogeuka kuwa madoa. Mavivi sijarudi. Jirani mmoja wa zamani aliyepita huko anasema kupitia dirishani aliona fremu moja bado iko ukutani, imegeuzwa iangalie ukuta. Mwingine anasema nyumba ile haina tena hata mlango, na ndani hakuna kitu. Wote wawili walipita wiki ile ile, njia ile ile.