Icyansi kinachonukia moshi

Tangu mchana siwezi kushika sindano, na kazi iko mingi.

Dereva wa muzungu mumoja alikuja kwangu na icyansi, kile chombo cha mti cha maziwa. Alitaka nikishonee mufuko wa turubai, kiende Ulaya kwa meli.

"Iko kitu ya zamani tu, fundi. Wenyewe walishaitupa."

Bon, nikashona.

Nilikuwa nimebakiza mdomo wa mufuko. Muke wangu Zaina, ambaye alikulia penye ng'ombe, akaleta chai. Akafungua kifuniko, akanusa.

"Hii wameifukiza jana. Nani anafukiza chombo alichotupa?"

Munajua wenyewe: moshi wa majani unatiwa ndani ya chombo kinachongoja maziwa ya kesho.

Nikamuuliza dereva amekitoa wapi. Akapanda gari, akakiacha mezani.

Kama kwenu kuna mutu anatafuta icyansi chake, mumwambie aje Nengo, kwa fundi.

Lakini hiki ni cha ine mwezi huu. Vile vitatu vya kwanza nilivishona bila kunusa.