Jani Jipya la Shangazi

Juzi jirani yangu hapa Bariadi aliingia sebuleni kwangu, akaona ua langu lina majani mawili ya njano, akamtazama paka wangu aliyelala kwenye kochi, akatikisa kichwa. "Huyo ndiye anayekuulia ua," akasema. Ndugu yangu, nilimjibu vibaya mpaka akaondoka bila kumaliza chai, na wala sijaenda kumwomba radhi. Maneno hayo nilishayasikia nikiwa mtoto, kule Sola, Maswa, na mpaka leo nikiyasikia damu inanichemka.

Kwetu tulikuwa watu wa ng'ombe na pamba. Alfajiri uliamshwa na kengele za ng'ombe na moshi wa jikoni, halafu unakaa na bibi mnatafuna michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, mkiteremshia na maziwa mgando ya kwenye kibuyu. Msimu wa mavuno pamba ilijaa mpaka chumba nilicholala. Panya nao wakahamia. Bibi akaniletea paka mwenye mabaka, tukamwita Madoa. Alilala miguuni kwangu, akinguruma usiku kucha, na sikuwa na rafiki mwingine nyumba ile.

Kisha akaja shangazi, dada yake baba. Ndoa yake ya Mwanza ilimshinda, akarudi na masanduku na ua la majani mapana ndani ya ndoo ya rangi. Uso wake haukuwahi kutabasamu isipokuwa kwa wageni. Sakafu yetu ya saruji aliipaka rangi nyekundu akaisugua mpaka ikawaka, na ole wako udondoshe tone la maji! Kwa hiyo ndoo ile haikutobolewa hata tundu moja.

Ua likaanza kuwa njano. Sasa kwetu, kitu chochote kikidhoofika kinapewa samadi. Ila wazee waliiacha zizini ikaoza, ikakauka, ndipo ikaenda shambani. Shangazi aliyasahau hayo mjini. Alitaka ya moto moto, iliyoanguka asubuhi ileile, na mtumwa wa kuikusanya nilikuwa mimi. Likidondoka jani, anaongeza samadi na kopo la maji. Likidondoka jingine, anaongeza tena. Sebule ikanuka kama zizi, yeye anafunga pua kwa khanga na kulaumu kila mtu.

Siku moja akamkuta Madoa chini ya ua anatokwa na ute mdomoni. "Nimemkamata! Ndiye anayelitafuna na kulikojolea." Akatoa hukumu palepale: siku ya mnada wa ng'ombe ikifika ua halijapona, paka anaondoka. Bibi akasema, "Mwache paka wa mtoto." Shangazi akalimwagia ua kopo jingine la maji.

Nikaenda kumuuliza mwalimu wa sayansi kama mkojo wa paka unaua ua. Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka.

"Ndoo ina matundu?"

"Haina, mwalimu."

"Na samadi?"

"Ya leo leo."

"Basi mnalipika kwa samadi mbichi na kulizamisha kwa maji. Paka kaonja jani mara moja, likamuwasha, ndiyo huo ute. Hawezi kurudi."

Shangazi alipokwenda Maswa mjini kuuza samli, nililing'oa. Mizizi ilikuwa myeusi, inateleza, inanuka yai viza. Nikaikata iliyooza, nikatoboa ndoo kwa msumari wa moto, bibi akanisaidia kuchanganya udongo mkavu na mchanga wa mtoni. Tukalirudisha sebuleni, nikaweka sinia kuukuu chini yake ili sakafu ya malkia isilowe. Samadi nikaendelea kuichota, ila nilikuwa naimwaga nyuma ya choo. Kopo la maji la shangazi nilimpokea kwa adabu zote, "lete nikusaidie, shangazi," nikanywesha mapapai.

Mnada haujafika, asubuhi moja nikaona jani jipya, bado limejikunja, kijani kabisa. Nilikwenda shule nikikimbia. Nilirudi nikikimbia zaidi. Madoa hakuwepo. Asubuhi hiyohiyo lilikuja lori kubeba pamba, na shangazi alimtia kwenye kiroba akampa dereva anayeelekea mbali, Kiloleli. Hakungoja hata siku ya mnada aliyoipanga mwenyewe. Nililia mpaka nikapata homa, na bibi alikataa kula chakula alichokipika shangazi.

Jumapili wakaja akina mama wa jumuiya. Mimi nagawa chai, yeye anawaonyesha jani limekunjuka. "Mnaona? Nilipomtoa tu yule paka, ua likafufuka." Wakaitikia, "Kweli, paka ni wabaya." Mtoto haingilii maneno ya wakubwa. Nikamimina chai.

Leo nyumba ile imeanguka, zizi limekuwa shamba la alizeti, bibi amelala kando yake. Watu huniambia nitakumbuka vya nyumbani kwa upendo. Nakumbuka bibi na michembe kwa upendo. Vingine, hapana.

Maana shangazi aliona nina mkono mzuri, akaniachia ua lile nilitunze. Nikalitunza miaka yote mpaka nilipoondoka Sola. Halikunyauka tena, na kila lilipotoa jani jipya alinyoosha kidole na kusema, "Yule paka alikuwa mbaya sana."