Weusi wa Mlangoni

Kompyuta ya kwanza waliyoonyeshwa ilikuwa na taa tumboni. Ubavu wake mmoja ulikuwa kioo kitupu, na nyuma ya kioo hicho feni tatu zilizunguka zikibadilika rangi: nyekundu, buluu, zambarau. Kondo, fundi vitanda wa Kibiti aliyefunga karakana siku hiyo ili aje Kariakoo kumbebea mkewe Hajira mzigo, aliinama akaitazama kwa mapenzi ya wazi kabisa.

"Mama Tasnim, hii si kompyuta. Hii ni harusi."

"Nimekuja kutafuta mashine ya kuhariri picha, baba Tasnim. Harusi ulishafunga."

"Nilifunga moja tu."

Mwenye duka, mtu mwembamba aitwaye Haitham, alicheka kwa sauti kubwa kuliko utani wenyewe, kama wachekavyo wauza duka wanaokaribia kuuza. "Mzee anajua vitu. Dada'ngu, hii ukifungua picha, inafunguka kabla hujatoa mkono kwenye mausi. Na kioo chake cha picha, rangi zinawaka."

"Na ile pale?" Hajira alinyoosha kidole pembeni, kwenye boksi la kijivu lililochubuka kona, na kioo kinene cha mtindo wa zamani juu yake.

"Ile ilitoka kwenye kampuni ya uchapaji iliyofunga. Mtumba. Nguvu inayo, sura haina."

Bei zilikaribiana. Kilichobaki ni kuchagua, na Hajira alikuwa amekuja na flashi yake mfukoni ili achague kwa macho, si kwa maneno ya mtu.

Macho ndiyo yaliyokuwa yakimlisha. Alianza na chumba kimoja kando ya barabara ya lami, kamera ya kuazima, na shuka la buluu la kupigia pasipoti. Walimu walikuja na fulana, wakatoka wamevaa koti na tai; koti hilo lilikuwa ndani ya laptop, moja tu, na kwa miaka kadhaa kila mgombea udiwani pande zile alilivaa, wapinzani wote wawili, kwenye mabango yanayotazamana. Watu walimtania kwamba Hajira ndiye anayeshinda kila uchaguzi. Naye alicheka, akaendelea kuwavisha.

Kisha yakaja mafuriko. Maji ya mto yaliingia nyumba za bondeni, Mtunda na kwingineko, na watu walipokimbia walibeba watoto, mbuzi na magodoro. Picha zilibaki. Maji yalipopungua wakamletea, katika mifuko ya rambo na ndoo za rangi, zimegandana, zinanuka tope. Hapo ndipo Hajira alipojua kipawa chake hasa. Alizitenganisha kwa maji safi na subira, akaziskani, halafu akakaa na laptop yake ya zamani akirudisha jicho lililoliwa na ukungu, akijenga upya sikio la mtu kwa kutazama sikio la mwanawe. Wazee walipopokea picha zao wakiwa na baba zao wazima, walilia dukani. Jina lake likaenda hadi visiwani kwenye delta, mto unapoingia baharini.

Picha za zamani kabisa zilifanana. Enzi wote walipokuwa wakiishi bondeni, kabla wengi hawajahamishiwa kwenye vijiji vya juu, mpiga picha alipita kwa baiskeli wakati wa mavuno. Wanaume walipangwa mbele ya nyumba ya udongo, kanzu nyeupe, baiskeli ya mgeni imeegemezwa katikati ili nayo itokee. Nyuma yao mlango uliokuwa wazi. Ndani ya mlango, weusi, na juu ya weusi huo madoa ya ukungu yaliyotapakaa. Sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko zote. Hajira alichukua nyeusi moja safi, akaupaka mlango wote, dakika mbili, huku akiongea na simu. Alipomkabidhi mteja picha mpya alimpa na ushauri: "Ile ya zamani ichome. Ina ukungu, itaambukiza hii." Na kwa kuwa laptop ilikuwa imejaa, kazi ikiisha alifuta na ile skani.

Skani moja tu hakuifuta, ya Bi Mwatumu wa Mtunda, kwa sababu aliitumia kuwaonyesha wateja picha ilivyokuwa na ilivyokuja kuwa. Ndiyo iliyokuwa kwenye flashi.

Aliifungua kwanza ile iliyosafishwa, kwenye kompyuta ya taa. Ilipendeza mno. Kanzu zilikuwa nyeupe pe, mlango mweusi ti.

"Mashallah," akasema Kondo. "Lipa twende."

"Ngoja." Akachomoa flashi, akaenda kwenye lile boksi la kijivu. Haitham alilipangusa kwa kiganja kama anayeona haya. Kioo kilichukua muda kuwaka. Picha ileile ilipotokea, Hajira alikunja uso. Ilikuwa imefifia. Tena katikati, nyuma ya wanaume wenye kanzu, palikuwa na kitu kama kiraka cha lami kilichobandikwa ukutani.

"Nini hiki?"

"Si mlango?" akasema Kondo.

"Mlango gani huu? Umekaa kama kiraka." Akamgeukia Haitham. "Kioo chako kibovu."

"Hicho si kibovu, dada'ngu. Hicho kinasema kilichopo. Wachapaji walikuwa wanakitumia ili gazeti lisitoke tofauti na walivyoliona. Ukipaka rangi, utaona umepaka."

Maneno hayo yalimwingia vibaya. Akafungua skani, ile mbichi, amwonyeshe mtu huyu kwamba mlango ndivyo ulivyokuwa, mweusi tangu mwanzo. Ikafunguka. Akaukuza mlango mpaka ukajaa kioo chote.

Haukuwa mweusi. Ulikuwa na kijivu juu ya kijivu, chungu nzima, na ndani ya kijivu hicho palikuwa na mkono. Mkono umeshika mwimo wa mlango kwa ndani, vidole vinne. Macho ya Hajira yaliufuata mkono hadi begani, na kutoka begani hadi usoni, na uso ulikuwa unamtazama.

Alipiga kelele. Wateja wawili wa duka la jirani wakachungulia.

"Nini?" Kondo akasogea. Akatazama. Akarudi nyuma hatua nzima, akakanyaga waya. "Audhubillahi! Mama Tasnim, kuna majini humo!"

"Si majini," akasema Hajira. "Ni wanawake."

Walikuwa watatu. Yule mrefu mwenye mkono kwenye mwimo, kaniki imemfunika kichwa. Nyuma yake bibi kizee, nusu ya uso tu. Na chini, karibu na kizingiti, mtoto wa kike aliyejiziba mdomo kwa kiganja, macho yamejaa kicheko. Madoa aliyokuwa akiyaita ukungu, mengine kweli yalikuwa ukungu. Mengine yalikuwa meno, weupe wa macho, kipini cha puani.

Haitham akamsogezea kiti cha plastiki. Hajira akakaa, akaanza kuihesabu kwa vidole milango aliyoipaka, huu wa mzee Mfaume, huu wa Bi Zamda, ule wa wale ndugu wa Mahege, vidole vikamwishia akaanza upya, na alipofika mara ya tatu akaacha, kwa kuwa alikumbuka kwamba kote huko alikuwa amesema, zichomeni.

"Nimewafuta, baba Tasnim. Kina mama wa watu. Huku nimeshika simu."

Kondo hakuwa na utani tena. Aliongea polepole, kama mtu anayepima mbao. "Sikiliza. Ile ya taa haikuonyesha hata kiraka. Laptop haikuwaonyesha. Hakuna mteja aliyelalamika. Watu wanafurahia picha zao ukutani. Tukichukua ile ya taa, jambo hili limeishia Kariakoo."

"Na mimi je, limeishia?"

"Ukichukua hii, utakuwa unawaona kila siku. Na ukiwaona utataka kusema. Ukisema, nani atakuletea tena picha ya baba yake?"

Hilo lilikuwa kweli, wala hakuna aliyejifanya kuwa si kweli. Jina ndilo duka. Hajira aliitazama mashine yenye feni zake zinazogeuka zambarau, akaona jinsi maisha yangekuwa mepesi. Halafu akatazama vile vidole vinne kwenye mwimo.

"Haitham, nifungie hili boksi. Na diski kubwa kuliko zote ulizonazo. Sitafuta tena kitu."

Siku nne baadaye alikuwa Mtunda, uani kwa Bi Mwatumu, ambaye alikuwa akianika mpunga kwenye mkeka. Hajira alitoa shikamoo, akaitikiwa, akakataa kukaa. Akamkabidhi picha mpya. Safari hii aliuacha mlango ulivyo, ameutia mwanga kidogo tu.

Bi Mwatumu aliishika kwa mikono miwili. Kuku wakaanza kuula mpunga, wala hakuwafukuza.

"Nisamehe, bibi," akasema Hajira. "Nilidhani ni uchafu."

"Huyu mama," akasema Bi Mwatumu. "Huyu bibi, mama yake baba. Huyu hapa chini miye." Akaweka kidole kwenye kicheko. "Mpiga picha alikuwa mwanamume mgeni, baba akasema wanawake wakae ndani. Tukakaa ndani. Lakini mlango nani aliufunga?"

"Kwa nini hukuniambia? Nilipokupa ile ya kwanza ulisema baba katoka vizuri."

"Alitoka vizuri." Akaipeleka picha karibu na jicho, akaiondoa, akairudisha. "Miaka yote ile picha ya zamani nikiitazama nawaona. Wanangu wakawa wananicheka, mama, hapo pana nini, si giza tu? Nikasema labda naona kwa kukumbuka. Mama alikufa masika yaliyofuata, hakupigwa picha nyingine. Basi ulipoileta imesafishwa, na hawamo, nikasema kumbe kweli. Kompyuta imetazama, haikuona mtu. Ile ya zamani nikaifungia sandukuni, nikajua ni kichwa changu. Mwaka mzima, mwanangu, ninapojaribu kumkumbuka sura nasema, nyamaza, hata hiyo sura umeitunga."

Hajira alikuwa amejiandaa kutukanwa. Kwa hili hakujiandaa.

Bi Mwatumu akafuta uso kwa upindo wa kanga. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, "Na za wenzangu? Ya Zamda?"

"Zote nilizipaka, bibi. Skani nilifuta. Na niliwaambia wazichome."

"Ee Mola." Akainuka, akajifunga kanga vizuri. "Twende. Utasema mwenyewe, mimi sisemi. Ila nitasimama nawe."

Bi Zamda, nyumba ya tatu, aliwasikiliza akiwa mlangoni, mwiko mkononi. Hajira alipofika kwenye neno la kuchoma, yule mama alimkatiza.

"Nichome? Nani achome baba yake?" Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa sukari uliokunjwa mara nne. Picha ilikuwa humo, imepinda, inanuka vilevile. "Ulisema vile nikasema ndiyo ili utulie, maana unajitia daktari. Nikaiweka chini ya godoro. Itaambukiza nini? Godoro?" Akacheka, Bi Mwatumu akacheka, na Hajira akaipokea ile picha chafu, akahisi moyo unarudi mahali pake. Labda wote. Labda hakuna hata mmoja aliyemsikiliza.

Mzee Mfaume alikuwa kwenye kibaraza, anasuka ukili wa mkeka. Aliwakaribisha, akamsikiliza Hajira hadi mwisho bila kuinua macho kwenye kazi yake.

"Ile nilichoma," akasema.

"Yote, babu?"

"Si ulisema ina ukungu? Niliita wajukuu, nikawaambia simameni mbali msivute moshi. Tukachoma pale, kwenye mchungwa." Mikono ikasimama. Sasa alimtazama. "Kwani mlangoni kulikuwa na nani?"

"Sijui, babu."

"Mama yangu alikuwepo?"

"Sijui. Nilipaka."

Mzee aliweka ukili chini. Aliingia ndani, wakamsikia akipanda kitu, kigoda labda, akishuka. Akatoka na ile picha iliyosafishwa, ndani ya fremu yake ya dhahabu. Akaenda nayo mpaka uwanjani, penye jua, akaivua kwenye fremu, akaanza kuigeuza huku na huku, usoni kabisa, akichungulia ndani ya ule mlango uliopakwa. Hakuna aliyemwambia aache.