Mshale Uliotembea Wenyewe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipouona mshale wa kompyuta ukitembea peke yake, mkono wangu ukiwa kwenye kikombe cha chai. Wee! Nilisogeza kiti nyuma. Halafu nikakirudisha, maana mimi tangu utoto ni mtu wa kutaka kujua kilichomo ndani.

Ilikuwa miaka ya tisini, Shinyanga, katika ofisi ya mradi mmoja wa maji. Kompyuta ilikuwa moja, na wa kuigusa ni mimi. Mzee Masanja, mpimaji wetu, alizunguka vijijini akipima visima, akirudi ananipa kadi ya kila kisima. Kazi yangu ilikuwa kufungua jina la kisima, kuweka alama penye "yanafaa" au "hayafai", kuhifadhi, kisha kushuka kwenye kinachofuata. Visima vilikuwa zaidi ya mia. Sasa siku hiyo nikagundua humo ndani programu inayorekodi kila unapobofya na kila kitufe unachobonyeza, halafu inarudia yote yenyewe, mara nyingi upendavyo. Nikarekodi kazi ya kisima kimoja kilichofaa, nikaiachia iendelee. Karibu vyote vilifaa. Vile vitatu visivyofaa nikasema nitavirudia kwa mkono.

Sikuvirudia. Nilishughulika kuwaita wenzangu waje waone, nikijidai kana kwamba niliiunda mimi. Orodha ikachapwa, ikapelekwa vijijini.

Wiki iliyofuata Mzee Masanja akaisoma, amesimama. Hakupaza sauti. Aliuliza nani kakipitisha kile kisima cha njia ya Kharumwa, ambacho wachimbaji wanaosha dhahabu kwa zebaki hatua chache tu juu yake. Nikamweleza ile programu, na hata katika kujieleza nikajikuta bado naisifu. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza hata inajuaje pa kubofya. Kisha akasema, "Imeukumbuka mkono wako, binti. Na jicho lako ulimwachia nani?"

Akanipandisha kwenye gari, niende nikaseme mwenyewe.

Kule alitupokea Mama Kulwa, mjamzito wa miezi minane. Kabla ya habari yoyote akaniletea maji kwenye kata, na wewe unajua, kwetu mgeni hakatai maji.

"Kunywa, ni ya kisima chetu," akasema. "Si mmeandika ni mazuri?"

Niliipokea kata, nikaishusha. Nikamwambia, "Mama, msiyanywe. Kosa ni langu."

Aliichukua kata, akamwaga maji chini taratibu. Akaniambia wameyanywa siku nne, akauliza wafanyeje. Kisima kilifungwa siku ileile, pamoja na vile viwili vingine, na Mzee Masanja akampeleka Mama Kulwa zahanati. Mtoto alizaliwa mzima, Mungu mkubwa, lakini mpaka anazaliwa mimi nilihesabu siku.

Sikukatazi mashine. Chungulia, bofya, shangaa. Hata mimi leo wajukuu wakija na simu mpya nawanyang'anya. Ila mdharau mwiba mguu huota tende. Kinachorudia kazi yako kitarudia pia uvivu wako, tena bila kuchoka. Ile kadi ya mwisho isome kwa macho yako, na kabla hujasema kazi imekwisha, jiulize ni nani atakayekunywa.

Mungu akupe mikono myepesi na macho yasiyochoka, na maji utakayomkaribisha mgeni, uweze kuyaonja wewe kwanza.