Nafundisha jinsia na hesabu chuoni, na binti wa Dutwa amenihesabu mimi

Admin, jina langu kaa nalo wewe, na chuo ninachofundisha mtu asikitafute. Nina miaka 39, nimeolewa, watoto wawili, naishi Somanda hapa Bariadi ila kwetu ni Maswa. Nafundisha walimu watarajiwa wa hesabu, na kila mwaka somo la jinsia na hisabati ni langu: kwa nini mabinti wanakimbia hesabu, na mwalimu anawakimbizaje bila kujua. Hayo maneno ya mwisho yashikeni.

Niseme ukweli, mimi ni mtu wa dharau. Idarani tuko saba, sita wanaume, na sijawahi kuwaficha ninavyowaona. Kiboko yao ni mkuu wa idara. Kitambi kinaingia ofisini kabla yake, kitabu kipya sijui alifungua lini, lakini kila nikipeleka mpango wa somo langu anacheka na kuniuliza kama safari hii nafundisha hesabu au nafundisha mabinti kulalamika. Kwake yeye mwanamke akiweza hesabu basi amekariri. Nami humjibu kwamba yeye hata kukariri kulimshinda. Miaka mitano tumeishi hivyo, namdharau ananidharau, na mshahara unaingia.

Darasani nilijiona malkia. Nikimwita mvulana ubaoni, anayefuata ni msichana, sikosei hata siku moja. Muhula huu nikawapa asaimenti: kila mtu akakae nyuma ya darasa la hesabu, aandike mwalimu anamwita nani na anamuuliza nini. Wote wakaenda sekondari za hapa mjini, wakarudi na yaleyale. Mmoja tu, binti mpole wa Dutwa, anayeniamkia kwa kupiga goti kidogo utadhani niko kwao kijijini, aliandika kurasa nne kuhusu darasa langu.

Jamani. Alikuwa amenifuatilia wiki sita. Wanaoitwa ubaoni, nusu kwa nusu, hapo nikatabasamu. Halafu nikafika safu ya pili ya jedwali lake. Wavulana nilikuwa nawaita waeleze. Wasichana nilikuwa nawaita waandike, kwa mwandiko wao mzuri, kile mvulana alichokwisha kueleza. Swali la "kwa nini" wavulana walilipata kila kipindi. Msichana hakulipata hata mmoja, wiki zote sita.

Sikumaliza kusoma. Nilipandwa na hasira, nikaandika kwa wino mwekundu kwamba hakufuata maelekezo, nikampa nne kati ya ishirini. Nilijua maana yake. Asipofikisha alama za kazi za darasani haruhusiwi kufanya mtihani, anarudia somo mwaka kesho. Alipokuja ofisini nilimuuliza katumwa na nani, nikiwa na uhakika ni yule mwenye kitambi. Akabaki mlangoni, macho chini.

"Madam, ulisema darasa lolote la hesabu. Mimi ninaloliona kila wiki ni hili."

Nikamwambia atoke.

Alipotoka nikakumbuka kidato cha pili, kule Maswa. Mwalimu wa hesabu alikuwa ananiachia kitabu ninakili notsi ubaoni kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Wavulana wamekaa wanakokotoa na kubishana, mimi nimewapa mgongo na chaki yangu. Na nilikuwa najivunia, narudi nyumbani sinawi mikono ili mama aone vumbi. Hesabu nilikuja kuijua baadaye, kwa ubishi wangu tu. Sasa mwenye kugawa chaki ni mimi.

Na sikusahau wala sikupitiwa, hiyo ndiyo aibu yenyewe. Nikimtazama binti darasani namwona anashindwa mbele ya wale wavulana, basi naharakisha kumpa kitu ambacho hawezi kukosea. Nilikuwa naita huruma. Si huruma, ni dharau ileile ya mkuu wa idara, tofauti ni kwamba yeye anaisema kwa mdomo. Naandika haya najichukia.

Wiki iliyopita binti akaleta fomu ya kuhama nimsainie. Anaacha hesabu, anabaki na jiografia, anachukua historia. Nikamwambia asifanye haraka, alama zinarekebishika. Hakunijibu kwa jeuri.

"Si alama, Madam. Kwenye jiografia huwa naulizwa kwa nini."

Sijasaini. Nimechukua fomu nyingine, ya kubadilisha alama, na ina mstari wa sababu. Mkuu wa idara husoma kila sababu kwa sauti kikaoni, na kikao ni Ijumaa. Naweza kuandika kwamba nilikosea kujumlisha. Yatakwisha dakika moja, ila yule mzee atacheka mpaka atoke jasho: mwanamke wa hesabu kashindwa kujumlisha, na atanisimanga hivyo mpaka astaafu. Na binti atapata alama zake na bado ataondoka, maana hakuna aliyemwambia kwamba yeye ndiye alikuwa sahihi. Au naandika alichokiona, kwamba aliyekosa ni mimi. Hapo somo langu nitanyang'anywa, apewe mmoja wa wale sita, na hilo nafikiri litaniua kabisa.

Msiniambie niombe, nimeshaomba. Wala msiniambie nimwite binti tunywe soda. Ninyi mliowahi kusimamishwa ubaoni muandike tu, nawauliza ninyi: Ijumaa ule mstari niujaze nini? Na mkinijibu, msiishie kwenye jibu. Niambieni na kwa nini.