Dabo Chansi na Mabati ya Mama

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, nayo ni Jumapili niliyokwenda kijijini Simbo kumweleza mama kwamba mabati yake hayapo.

Usinicheke. Umenijia na simu yako ukiniuliza kama dabo chansi ni salama, ukidhani sisi wenye mvi hatuijui. Vibanda vya kubeti vilipoanza kuingia Kigoma nilikuwa kijana wa Buzebazeba, na hakuna aliyeichunguza kama mimi. Mechi ina matokeo matatu: wenyeji washinde, wageni washinde, au watoke sare. Dabo chansi inakupa mawili kati ya hayo. Odi yake, yaani kizidisho cha hela unayoweka, ni ndogo, faida kiduchu, ila kuliwa hela yako si rahisi. Nilivutiwa mno! Wiki nzima nikawa naweka elfu moja moja, sikuliwa hata mara moja.

Sasa mama yangu alikuwa akikamua mawese. Alinipa madumu yake nimuuzie mjini, kisha nimnunulie mabati kabla ya mvua, maana paa la chumba chake lilikuwa limeoza. Niliuza vizuri tu. Hela ikiwa mfukoni, nikaona kuna timu haijafungwa kwao msimu mzima. Nikachukua wenyeji au sare, nikaweka yote, nikijiambia faida itanunua misumari. Dakika za nyongeza wageni wakafunga.

Nilipomweleza, mama hakupiga kelele. Alinawa mikono, akavuta kigoda.

"Hebu nieleze," akasema. "Huo mchezo unachezwaje?"

Nikaokota chikichi tatu, nikazipanga chini. "Hizi mbili zangu, mama. Hii moja ya mwenye kibanda."

"Mbili kwa moja! Mbona nzuri." Akainama kuzitazama, akitaka kuelewa kweli kweli. "Na kama kuna ule wa kuchagua moja tu, ungeweka hela yangu yote?"

"Hapana, mama. Ule una hatari. Ningeweka elfu moja."

Akaiokota ile moja ya mwenye kibanda. "Kumbe ule wa hatari ndio ungeniachia mabati yangu."

Uwii, mwanangu! Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Afadhali angenichapa. Mvua zilipoanza alihamia jikoni, akakohoa msimu mzima, na mimi nilibeba mizigo miezi mingi ndipo nikampatia mabati. Hakunikumbusha hata siku moja, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Basi nakujibu ulichoniuliza. Dabo chansi inapunguza nafasi ya kuliwa, haiiondoi, na faida kiduchu ndiyo bei ya huo unafuu. Hilo unalielewa kunizidi. Usilolijua ni mkono wako mwenyewe: ukishasikia neno salama, unachota kiasi kikubwa ambacho usingethubutu kukigusa. Hatari uliyoipunguza uwanjani unaiongeza mfukoni. Kwa hiyo kabla hujabonyeza, acha kuuliza timu gani haifungwi. Jiulize, nikiliwa, nani ataumia? Ukimwona mtu yeyote kwenye jibu lako, zima simu, rudi nyumbani ukale.

Mungu akuzidishie huo udadisi wako, mwanangu, maana ni mzuri. Na wote wanaokutegemea, awajalie walale pakavu.